Kabla ya kummwagia mbwa mabaki

Mbwa wengi wa kwetu hula tunachokula: ugali wa jana, ukoko wa wali, vichwa vya dagaa. Wafugaji hutuuliza sana kama ugali unamdhuru mbwa. Haumdhuru. Wa kuogopwa ni mchuzi uliomwagiwa juu yake.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hata vikipikwa sumu hiyo haiondoki. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 hivi, yaani kitunguu kimoja kikubwa, zinatosha kumletea madhara. Akila kidogo kidogo kila siku pia ataumia. Kibaya zaidi, dalili hazitokei usiku uleule. Hupita siku kadhaa ndipo fizi zinapauka, mbwa anahema hata akiwa amelala, na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Hapo mwenyewe keshasahau lile sufuria la rosti alilompa alirambe. Kinga ni rahisi: mtengee nyama au dagaa wake waliochemshwa kabla hujaunga.

Halafu kuna unga ulioota ukungu. “Sisi hatuwezi kuula, mpe mbwa.” Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ileile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Mbwa naye huharibika ini: anakataa chakula, anatapika, macho yanageuka manjano. Joto la jikoni haliimalizi sumu hiyo, kwa hiyo kuusonga ugali hakusaidii.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Donge la maandazi lenye hamira huumukia tumboni na kutoa pombe. Chokoleti na zabibu, mbichi au kavu, asionje kabisa. Na siku ya kuchinja, maini au mapafu yenye vifuko vya maji yachomwe au yafukiwe kwa kina. Mbwa akiyala mabichi hupata minyoo ambayo mayai yake huambukiza watu, watoto hasa.

Akishakula kitu cha hatari, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Mpigie daktari wa mifugo mapema, kabla ya dalili, umtajie alichokula, kiasi gani na saa ngapi.