Je, wajua akili ya kijamii hupimwa kwa picha za macho?

Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na imekatwa hata haikubaki pua wala mdomo: macho mawili tu na nyusi zake. Imezungukwa na maneno manne, kwa mfano "ana utani", "anafariji", "ameudhika", "amechoshwa". Unachagua moja, unaendea picha nyingine, mpaka zitimie 36. Mtihani huu ulitungwa na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1997. Linalotumika zaidi ni la 2001. Walikuwa wakitafuta kuelewa kwa nini baadhi ya watu wenye usonji hupata shida kutambua yaliyomo moyoni mwa mwenzao; kutambua huko ndiko kunakoitwa hapa akili ya kijamii. Mtu mzima wa kawaida hupata kama 26.

Kwa nini macho? Mdomo ni rahisi kuuamrisha. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na msuli huo hautii amri kirahisi. Hofu nayo hupanua kope, weupe wa jicho ukaonekana zaidi. Kwetu pwani jambo hili tunaliishi kila siku: mwanamke aliyevaa nikabu, jirani zake humjua amecheka au amekasirika kabla hajatamka neno.

Lililonishangaza zaidi ni utafiti wa Anita Woolley na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2010. Watu 699 waligawanywa katika vikundi vya wawili hadi watano, wakapewa kazi za kufanya pamoja. Mtu angedhani kikundi chenye kichwa kikali kuliko vyote ndicho kingeshinda. Sivyo. Kipimo cha akili cha mtu mmoja mmoja kilieleza machache. Waliofanya vizuri ni wale ambao, kwa wastani, walisoma macho vyema, na ambao hakuna mmoja wao aliyehodhi mazungumzo.

Ila jibu sahihi la mtihani wa macho linatoka wapi? Picha zilitolewa magazetini, na wenye macho hawakuulizwa walihisi nini. Watunzi walichagua neno, kisha wakauliza jopo la watu wanane; wakiafikiana watano, neno likapita. Kwa hiyo anayefaulu ni anayeona kama wengi walivyoona, tena awe na msamiati wa kutosha. Ukiutafsiri kwa Kiswahili, itabidi kwanza mtahiniwa atenganishe haya, aibu, soni na fadhaa.

Na macho yana kwao. Wajapani na Wamarekani walipopimwa, kila upande ulisoma vyema zaidi macho ya watu wake. Mjukuu anayeinamisha macho mbele ya babu yake anaonyesha adabu. Mgeni asiyelelewa hivyo anaweza kudhani kijana amekosa jambo, analificha.