Kichupa cha chanjo kikishafunguliwa, dozi zinazobaki ni za nani?

Malalamiko yanayotufikia yanagongana. Wapo wanaoona chanjo ikitupwa na kuuliza kwa nini hawakupewa wao. Wapo waliorudishwa nyumbani na watoto kwa maelezo kwamba kichupa cha dozi kumi hakifunguliwi kwa mtoto mmoja. Hili la pili ni kosa letu watoa huduma: Shirika la Afya Duniani linaelekeza kifunguliwe. Dozi tisa zikipotea ni hasara. Mtoto akiondoka bila chanjo ya surua huenda asirudi.

Zinazobaki hutegemea aina ya chanjo. BCG (ya kifua kikuu), surua-rubela na homa ya manjano, zikishachanganywa na kimiminika chake, hutupwa baada ya saa 6 au zoezi la siku likiisha, lolote litakalotangulia. Jokofu halirefushi saa hizo. Pepopunda na homa ya ini B, kwa kawaida, zina kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, na huweza kutumika hadi siku 28, mradi maelezo ya mtengenezaji yanaruhusu, tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwenye kichupa, joto halijatoka kati ya nyuzi 2 na 8, muda wa matumizi haujaisha, kizibo hakijazama majini, na kile kimraba kwenye lebo kinachogeuka rangi kwa joto bado ni cheupe kuliko duara linalokizunguka. Sharti moja likikosekana, kichupa kinatupwa na kuandikwa kwenye rejesta, na sababu yake.

Wala hatukusanyi mabaki ya vichupa viwili kupata dozi moja. Wanaotuona wagumu wakumbuke Sudan Kusini mwaka 2017: watoto 15 walifariki baada ya kampeni ambamo chanjo ya surua haikutunzwa kwenye baridi na bomba la sindano lilirudiwa.

Njia halali ni kuwatafuta watu kabla saa hazijaisha. Kituo kiwe na orodha ya waliopitisha tarehe zao na wanaokaa karibu, wapigiwe simu mapema. Jirani aliyepita tu naye anaweza kuchanjwa, ikiwa anastahili. Lakini hatumchanji mtu ili kumaliza kichupa: dozi ya pili ya surua ikitolewa kabla ya wiki 4 kupita haihesabiki, na atalazimika kurudia.

Ukipigiwa, njoo na kadi ya kliniki. Bila kadi tutaanza kupekua rejesta, na saa haisubiri.