Je, Wajua? Kwa Nini Mchezo wa Kuigiza Unaweza Kujaza Ukumbi na Bado Ukaleta Hasara

Anayepita jioni karibu na ukumbi mdogo wa sanaa jijini Dodoma akakuta viti vyote vimekaliwa na wengine wamesimama ukutani, huondoka akiamini kwamba mchezo wa usiku huo umejilipa. Hufanya hesabu ya haraka kichwani: idadi ya viti mara kiingilio. Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa imani nyingine mbili, kwamba ukumbi unaolalamika ukata ilhali watu wamejaa lazima una mtu anayefuja fedha, na kwamba ukumbi usiojaa unaponzwa na kazi mbovu. Imani zote mbili zinastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndizo zinazowafanya wafadhili, viongozi na hata watazamaji wapenzi wa sanaa kuzihukumu kumbi huru isivyo haki.

Tuchukue ukumbi wa mfano wenye viti 80 na kiingilio cha shilingi 5,000. Usiku mmoja uliojaa huleta shilingi 400,000, na siku nne zilizojaa huleta 1,600,000. Mchezo una waigizaji sita na mwongozaji mmoja, na wote saba wamefanya mazoezi kwa wiki tano, siku tano kwa wiki, saa tatu kila siku. Hizo ni saa 525 za kazi kabla mtazamaji wa kwanza hajakaa. Tukiongeza saa nne za kila mmoja kwa kila siku ya onesho, jumla inafika 637, na ukigawanya mapato yote utapata takriban shilingi 2,500 kwa saa. Hapo hakuna senti iliyotengwa kwa ajili ya umeme, maleba (mavazi ya jukwaani), taa, mabango, mlinzi wala kodi ya jengo. Yote hayo yakishalipwa, wasanii hugawana mabaki. Na ukumbi ukiamua kuwalipa ujira unaostahili, tofauti inakuwa hasara yake.

Dawa inayotajwa kwanza ni kupandisha kiingilio. Inafaa mpaka pale mwanafunzi wa chuo na mwalimu wa shule ya msingi wanapoacha kuja, na hao ndio mara nyingi wanaoijaza safu ya nyuma. Dawa ya pili, kuongeza siku, ina nguvu zaidi kwa sababu gharama ya mazoezi hugawanywa kwa siku nyingi, lakini siku nane zinahitaji watazamaji 640, na wapenzi wa tamthilia katika mji mmoja wakishauona mchezo, wachache hurudi kuutazama tena wiki hiyohiyo. Dawa ya tatu ni kupunguza waigizaji. Hiyo inatumika sana duniani, ndiyo maana tamthilia za watu wawili au hata mmoja zinapendwa na kumbi ndogo. Ila hadithi ya ukoo mzima haibebeki na mtu mmoja kila mara.

Sababu ya ndani zaidi ilielezwa mwaka 1966 na wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliochunguza hali ya fedha ya sanaa za jukwaani. Baumol alionesha kwamba muziki wa nusu saa unaopigwa na watu watano hudai saa mbili na nusu za kazi, na hakuna ufundi unaoweza kuzipunguza bila kuuharibu muziki wenyewe.

Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti, na mashine ya kukamua mafuta hulionesha jambo hili vizuri. Kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, mtu hushinda siku nzima akaambulia mafuta kidogo; ikifungwa mashine ya umeme, mtu yuleyule, kwa saa zilezile, hukamua mafuta mengi zaidi. Mwenye mashine anaweza kumwongezea ujira bila kupandisha bei ya lita, kwa kuwa nyongeza hiyo inatoka kwenye wingi wa mafuta. Jukwaani wingi huo haupo. Tamthilia ya watu sita ya dakika tisini inadai saa tisa za uigizaji leo, na itadai saa tisa miaka hamsini ijayo. Mwigizaji anayemimina chai akasikia hatua mlangoni, akasimamisha birika hewani na kunyamaza kwa muda wa pumzi tatu, hawezi kuambiwa anyamaze kwa pumzi moja ili kuokoa gharama, maana watu wamelipia ukimya ule. Hata hivyo, mwigizaji huyo hulipa pango la chumba Nkuhungu na nauli ya daladala kwa bei ileile anayolipa mfanyakazi wa mashine. Ujira wa wengine ukipanda, wake lazima ufuate, la sivyo ataliacha jukwaa. Gharama ya mchezo huongezeka hata kama hakuna aliyefuja chochote.

Nadharia hii ilitokana zaidi na kumbi za Marekani, ambako wasanii wengi hulipwa mishahara inayojulikana, na kuileta hapa kunahitaji tahadhari. Msanii asipolipwa kwa mazoezi, pengo halionekani kwenye daftari la ukumbi. Huonekana kwa mwigizaji anayechelewa kwa sababu ya kibarua, au anayejitoa wiki ya tatu. Vilevile, vipaza sauti na kamera huongeza idadi ya watazamaji kwa saa zilezile za kazi, ingawa ukumbi wa viti 80 hufaidika navyo kidogo. Hata hivyo, mji unaokua kwa kasi huleta mvutano wa aina hii: Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 na 765,179 katika sensa ya mwaka 2022. Panapojengwa ofisi na nyumba nyingi, kijana mwenye sauti nzuri huwa na kazi nyingine za kuchagua.

Maonesho ya picha yanakwenda kinyume kabisa, na kwangu hapa ndipo penye ajabu ya jambo zima. Siku ya kutundika, fundi huweka pimamaji juu ya fremu, anasogeza msumari kidogo, anarudi nyuma kutazama, anasogeza tena. Akimaliza, kazi ya mchoraji imehifadhiwa ukutani, na mhudumu mmoja anatosha kuilinda kwa wiki nyingi. Mfano wake mkubwa uko Kolo, wilayani Kondoa, katika michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: waliochora walimaliza kazi yao zamani sana, na watazamaji bado wanakuja. Ngoma ya muheme ya wanawake wa Kigogo, kwa upande mwingine, haipo mpaka wanawake wenyewe wasimame tena na kuipiga.

Ndiyo maana ukumbi wenye busara hupanga picha na michezo katika msimu mmoja. Zile wiki tano za mazoezi, ambazo mchezo hauingizi hata shilingi, ndizo picha zinapokuwa ukutani na mlango uko wazi. Fedha za mlinzi na kodi ya jengo hazipotei bure, na picha ikiuzwa ukumbi hupata sehemu yake. Hali ya hewa nayo ina neno: mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na chini ya paa la bati mvua kubwa humeza mazungumzo yote ya jukwaani, wakati picha haidhuriki mradi paa halivuji. Kwa hiyo picha hupewa miezi ya mvua na michezo hupewa kiangazi, ikianzia wakati wa Bunge la Bajeti, mji unapokuwa na wageni wengi.

Msimu hutoa pia nafasi ya kurudia mchezo wa mwaka uliopita, na hiyo huenda ndiyo njia bora kuliko zote, japo watazamaji wengine huidhania ni uvivu. Waigizaji wanaokumbuka maneno yao huhitaji wiki moja ya mazoezi badala ya tano. Kwa ukumbi wetu wa mfano, saa 637 zinashuka hadi 217, na mapato yaleyale ya siku nne yanafikia takriban shilingi 7,400 kwa saa. Sharti ni kwamba wale sita wawe bado wapo mjini, kwa sababu akiondoka mmoja mwenye nafasi kubwa, wenzake wote hulazimika kurudi mazoezini pamoja na mwigizaji mpya.