Pawasaplai ya wati 650 haili wati 650

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: usinunue pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ya wati 500 au 650, itamaliza umeme wa LUKU, chukua ya 250. Si kweli.

Namba hiyo ni uwezo wa juu, si matumizi. Kompyuta huvuta kadiri inavyohitaji. Jipimie: zima friji, taa na vingine vyote, soma uniti kwenye mita, tumia kompyuta saa mbili, soma tena. Ikivuta wati 100 pamoja na skrini, zitapungua uniti 0.2 hivi. Ingekuwa inakula 650 mfululizo, ingeondoka 1.3. Watu huchanganya na pasi: yenyewe ikiandikwa wati 1000, inapowaka inakula 1000 kweli.

Kwa anayetafuta ukimya, ushauri huo unaumiza zaidi. Pawasaplai ndogo ikifanya kazi karibu na ukomo wake hupata joto, na feni huzunguka mbio kuipoza. Kompyuta ikivuta wati 200, ya 450 itatulia. Chagua yenye feni ya milimita 120. Ya 80 hulazimika kuzunguka kasi zaidi kusukuma hewa ileile, ndiyo ule mlio mwembamba. Kisha soma lebo: zidisha ampea za laini ya volti 12 kwa 12. Iliyoandikwa wati 500 lakini ina ampea 18 tu hutoa wati 216 kwa prosesa na kadi ya picha. Iache dukani.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa hesabu ya mita. Na feni ya zamani ikianza kukoroma, huenda ni vumbi na wadudu wa ziwani. Chomoa waya, pulizia kupitia matundu, usifungue kasha: kapasita, vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata umeme ukizimwa.