Hivi sisi Zama za Shaba tulikuwa wapi?

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko form one hapa Dodoma, kaja na daftari la historia sebuleni akaniuliza, "Mjomba, hapa kuna Zama za Mawe, za Shaba, halafu za Chuma, ila ticha kasema huku kwetu tulitoka kwenye mawe tukaenda chuma moja kwa moja. Sasa shaba tuliirukaje?" Nikajifanya natafuta rimoti kwanza.

Iko hivi. Hizo zama tatu zilizaliwa stoo. Mwaka 1816 Mdenishi mmoja, Christian Jürgensen Thomsen, mtoto wa mfanyabiashara, alipewa kazi ya kupanga vitu vya kale kule Copenhagen, mashoka ya mawe, mapanga ya shaba, visu vya chuma, vyote vimechanganywa na hakuna anayejua kipi kilitangulia. Jamaa akafanya kitu cha akili sana, akawa anaangalia vitu gani vimefukuliwa pamoja, mfano kwenye kaburi moja, maana vilivyozikwa siku moja vilikuwa vinatumika wakati mmoja. Akapata mafungu matatu, mwongozo wake ukatoka 1836 na dunia nzima ikaudaka. Yaani lebo za kabati la Denmark ndo tunakaririshwa hadi leo.

Sasa hiyo shaba yenyewe ni shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba na bati (tin, siyo bati la paa), na hilo halipatikani ovyo, watu walikuwa wanalifuata mbali kwa biashara. Mawe yenye chuma yako sehemu nyingi tu, shida yake ni ujuzi, tanuru la udongo, mkaa wa kutosha na mivuo ya kupuliza hewa bila kupumzika. Huku kusini mwa Sahara sehemu nyingi waliupata huo ujuzi bila kupitia shaba nyeusi, kule Buhaya, Kagera, kwa mfano watu walikuwa wanayeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Misri na Nubia shaba nyeusi walikuwa nayo, kwa hiyo usije ukasema Afrika nzima haikuwepo.

Wataalamu wenyewe waliona nguo haitoshi. Mwaka 1929 wanaakiolojia Goodwin na Van Riet Lowe kule Afrika Kusini waliacha majina ya Ulaya wakazigawa upya Zama za Mawe, za Mwanzo, za Kati na za Mwisho, na huo ndo mgawanyo ulioko kwenye daftari la dogo.

Na ile "historia ya kale" wanasema inaanza na maandishi, kama 3200 KK huko Uruk, Iraki ya leo, inaisha 476 BK mkuu wa jeshi Odoacer alipompindua kijana Romulus Augustulus, kaizari wa Roma ya magharibi. Mimi hii huwa inanichekesha, maana mwaka huo ufalme wa Aksum pale Ethiopia walikuwa wanapiga sarafu zao za dhahabu kama kawaida, hakuna aliyewaambia kwamba ukale umeisha.

Ukitaka kuona hizo lebo zinavyopwaya nenda Kolo, mbele ya Kondoa mjini barabara ya Babati. Michoro ya mapangoni pale iliingia UNESCO 2006. Kuna watu wekundu wembamba kama fito, vichwa vina manywele makubwa, wanyama pembeni, hiyo ni kazi ya wawindaji, halafu sehemu nyingine juu yake kuna michoro myeupe minene ya wakulima waliokuja baadaye. Mwamba mmoja, zama mbili. Na Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, wanachukua msumari wa dukani wanaugonga ukiwa baridi hivyo hivyo mpaka unakuwa ncha ya mshale, sasa hiyo utaiweka kabati gani?

Bibi yetu Mgogo hakuwa na habari na Thomsen. Yeye mambo yote yalikuwa kabla ya Mtunya au baada ya Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipokomba chakula, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, ukame nao ukamalizia. Alikuwa anaitaja kwa sauti ya chini.

Dogo kasikiliza yote, kalamu mdomoni. "Kwa hiyo Mjomba, kwenye mtihani niandike Mtunya?"

Nikamwambia aandike alichosema ticha.