Kumsoma Kitereza bila kuruka kurasa za pombe

Wasomaji wengi hapa Mwanza wanaokianza kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, hukiweka chini mapema. Malalamiko ni yaleyale: mtu anakwenda ukweni, anasalimiwa, ananawa, anakula, anaaga, anasindikizwa, basi. Wanangoja tukio, na tukio ndilo hilo walilolipita.

Kitereza, Mkerewe wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuiandika riwaya hii kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 kati ya kalamu na kitabu! Inauma kuona hata leo jina lake halivuki sana maji ya Ukerewe.

Kisa ni chembamba. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke, wazazi wake wanamchukua, mume anamfuata ukweni kuomba arudishiwe. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Wengi huruka hapo, na hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Pombe ya ndizi haiharakishwi. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa. Ukizifukua mapema hazitoi maji, ukichelewa zimeoza. Humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi, maji yakachujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa yachachuke. Kazi hiyo yataka watu, na huyu nyumbani kwake hana mke. Kila mtu anayeendewa na Myombekere kuombwa msaada anaujua upweke wa mume huyu. Ukiruka mtama na nyasi, umeruka namna mume huyu anavyomtaka mkewe.

Soma kurasa 10 hadi 15 kwa kikao kimoja, zisizidi; ukizidisha, salamu zote zitafanana. Salamu zisome kwa sauti, uone nani kaanza, nani kapiga magoti, nani kanyamaza. Andika majina ya ukoo kwa penseli ndani ya jalada, maana ukimchanganya mkwe na shemeji, heshima inayoonyeshwa hutaiona. Sentensi zake zina mwendo wa Kikerewe, kwa hiyo ndefu usiikate, ifuate kwa pumzi moja.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la darasani: kukigeuza kitabu kuwa ghala la mila. Mwanafunzi anachota mahari, matambiko na dawa, anawaacha watu. Kila ukikuta mila, jiulize ni nani anayeona aibu pale, na anataka nini.

Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2002. Hata hivyo, anza na Kiswahili cha Kitereza mwenyewe. Wala usisome kwa wasiwasi kwamba wenzi hawa watabaki tasa: Ntulanalwo na Bulihwali ni watoto wao, na majina yao yako pale jaladani.