Je, wajua kwa nini dinosaria mwenye mabamba alipatikana Lindi na si Unguja?

Ukivunja jiwe la matumbawe Makunduchi au Jambiani utakuta kombe na chaza, lakini mfupa wa dinosaria hutauona. Sababu ni umri. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na mawe yanayoonekana juu ya ardhi Unguja na Pemba hayafiki hata nusu ya umri huo. Pango la Kuumbi limetoa mifupa ya pundamilia na nyati, wa enzi ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara. Kwa hesabu ya mawe, hao ni wa juzi.

Matabaka ya Tendaguru, mkoani Lindi, yana miaka kama milioni 150. Huko, kati ya 1909 na 1913, msafara wa Wajerumani na mamia ya wachimbaji wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ya Kentrosaurus, ndiye huyo dinosaria mwenye mabamba. Urefu wake ni kama mita 4.5, shingoni na mabegani ana mabamba ya mfupa, kisha miiba mirefu hadi mkiani.

Mabamba hayo ndiyo yanayompa mchimbaji tabu. Yaliota ndani ya ngozi, hayakushikana na uti wa mgongo, kwa hiyo mnyama alipokufa na kuoza yaliachia na kuzagaa. Ndiyo maana, kabla ya kunyanyua chochote, hupigwa kamba za miraba ya mita moja moja na kuchorwa kila kipande kilivyolala na kilikoelekea. Kikishanyanyuliwa bila mchoro, hakuna wa kukuambia kilikaa shingoni au kiunoni.

Sururu ni ya udongo wa juu tu. Ukikaribia mfupa, shika patasi ndogo na brashi. Nyufa hutiwa gundi nyepesi, iliyozimuliwa sana. Gundi nzito hubaki juu, ndani mfupa ukabaki unga. Chimba pembeni hadi mfupa ukae juu ya kinguzo cha udongo, ufunike kwa karatasi iliyolowa, ndipo uzungushie vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Wengi huiona karatasi kuwa ni kupoteza muda, na hapo ndipo hasara inapoanza: plasta hugandana na mfupa, na siku ya kuibandua huondoka na ngozi yake ya juu. Plasta ikikauka, kata kinguzo, pindua, funika na upande wa chini.

Tendaguru hakukuwa na gari. Mizigo ilibebwa kichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na kiunzi cha Kentrosaurus kilichosimamishwa Berlin, Ujerumani, kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja.